Majina Saba kwenye Shamba la Mizabibu

Kilichomtia wasiwasi Bashayer kwanza ni kamba. Kijiji kile watu walikihama miaka ishirini nyuma na nyumba zake za udongo zilibaki kuta tu, lakini mizabibu iliyopandwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa mlima ilikuwa imefungwa kwenye miti yake kwa kamba mpya, na mfereji ulikuwa unapitisha maji. Alimwambia mumewe. Suud hakugeuka. Alikuwa ameinamia ramani ya penseli aliyochorewa na ami yake nyuma ya kadi ya harusi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Agosti, mwaka 2006. Walitoka nyumbani kwao Wadi Kabir, Maskati, mapema, wakapanda mlima wa Jabal Akhdar kwa gari, kisha wakaendelea kwa miguu, na tangu hapo walikuwa wamepita vijiji vitatu. Kila kimoja Suud alikikagua, akatikisa kichwa, akasema si hiki. Bashayer alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, na daktari alimwambia kutembea ni kuzuri. Daktari hakutaja milima.

Suud alizaliwa Maskati, akasoma Maskati, na alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Rusayl, lakini mwenzake Musallam hakuacha kumwita Mzanzibari. Waomani waliorudi kutoka Unguja wana maradhi yao haya: kwa kuwa kila mlango wameulizwa wao ni wa wapi, hukariri majina ya babu zao kama wengine wanavyokariri nambari za simu. Suud aliyajua saba, pamoja na lake. La mwisho ni la Rashid, ndiye aliyeondoka mlimani kwenda Unguja. Kwao walinong'ona kwamba Rashid alikuwa akikamua mvinyo, zama ambazo vijiji vile vilijulikana kwa mvinyo wake, na habari hiyo haikusemwa mbele ya wageni.

Bashayer alichoka akakaa kivulini. Alipoinua macho, Suud alikuwa ngazi moja chini yake, amesimama mbele ya hodhi la jiwe la kukamulia zabibu, anazungumza na mzee aliyekaa ndani ya hodhi lile. Mzee alikuwa na kanzu safi na kilemba. Alimuuliza Suud kwa Kiarabu yeye ni mtoto wa nani.

Basi Suud akaona ndiyo siku yake imefika. Akasimama wima, akayataja yote: Suud bin Maan bin Saeed bin Msellem bin Aflah bin Hamdan bin Rashid. Mzee akaitikia kila jina kwa kichwa. Akamwambia, wewe ni wetu. Suud akafuta macho kwa kiganja.

Kisha mzee akamtazama Bashayer na kuuliza kuhusu tumbo, na Suud, ambaye hata dada zake walikuwa hawajaambiwa habari ya mimba ile kwa kuogopa jicho la hasidi, akajibu kwa fahari kwamba ni wa kwanza. Bashayer akapandwa na hasira hata akasahau kuchoka. Akateremka ngazi kwenda kumvuta mkono, na hapo ndipo alipoiona miguu ya mzee. Hodhi lilikuwa kavu, lina vumbi, lakini miguu ile ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo, na rangi yake ni ya zambarau.

Kurudi kuliwachukua mara tatu ya muda wa kwenda. Walishuka ngazi, wakashuka tena, na kila wakishuka walijikuta kwenye mizabibu ileile yenye kamba mpya, na Bashayer akamlaumu mumewe kwa ramani, kwa ami yake, kwa viatu, kwa mambo yote aliyoyaweza, kwa sababu kulaumu kulikuwa kwepesi kuliko kusema anaogopa. Walifika kwenye gari jua likizama. Suud akaendesha mpaka Wadi Kabir.

Siku ya pili nyumba ilinuka zabibu zilizochacha. Bashayer alisafisha friji, akamwaga taka, akasugua sakafu kwa dawa, harufu ikazidi. Siku ya tatu Suud hakwenda kazini. Baada ya adhuhuri, mafundi wa gereji iliyo chini ya nyumba yao walipofunga kwa chakula, alijifungia bafuni, na Bashayer akasikia sauti ya miguu inayokanyaga kitu laini, polepole, bila kupumzika. Aliposukuma mlango alimkuta mumewe amesimama kwenye beseni tupu, anakanyaga, na nyayo zake zimegeuka zambarau.

Mama mkwe wake, Bi Masouda, alihamia pale na Kurani na ubani. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Ukimuita Suud, alikuwa anajibu kwa majina tu, yale saba, hakuongeza wala kupunguza, na Bashayer alitamani kumpiga. Siku ya nane yaliongezeka. Suud alianza mbele ya jina lake mwenyewe: Samir bin Suud bin Maan. Mtoto hawakuwa wamempa jina. Kila lilipotajwa jina lile, tumbo la Bashayer lilivutwa chini, na mara ya mwisho aliona damu.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, Bi Masouda alimleta Bi Bakhita kutoka Sidab. Alikuwa mama mfupi mwenye haraka, anayesomea watu tangu ujana wake, na hakutaka hata chai. Alimkalisha Suud chini, akamshika masikio, akasoma, kisha akamuuliza aliye ndani anataka nini.

Sauti iliyojibu haikuwa ya Suud. Ilisema kwa utulivu kwamba Rashid alimwachia shamba, akamwahidi kwamba siku mmoja wa damu yake atakaporudi, mtoto wa kwanza wa huyo atapokea zamu. Yeye amepalilia, amefunga kamba, amengoja.

"Huyu hakuijua ahadi hiyo," alisema Bi Bakhita.

"Alisema mwenyewe. Majina saba, hakukosea hata moja."

Bi Bakhita akawageukia wanawake wawili, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba jini la ahadi halichukui ila damu ya aliyeahidi, na dawa ni moja tu: Suud amkane Rashid kwa ulimi wake. Akamtia Suud maji ya zamzam mdomoni, akamwamuru aseme yeye si wa Rashid.

Macho ya Suud yakarudi. Ilikuwa sauti yake hasa, ya kuchoka, ya kuomba. "Siwezi," alisema. "Miaka thelathini na tano nnatafuta mtu wa kunambia mimi ni wao."

"Sema, mwanangu," Bi Masouda alinong'ona. "Nnakuomba, sema."

Suud akalia, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Samir bin Suud bin Maan bin Saeed, na Bashayer akahisi mkono ukiingia tumboni mwake kama mkono unaotafuta shada kwenye majani, bila haraka, ukijua zabibu iko wapi, na harufu ikajaa chumba hata hewa ikawa nzito, na miguu ya Suud ikaanza kukanyaga zulia huku yeye mwenyewe amekaa, na Bashayer akaona kwamba mwanamume huyu hatasema, leo wala kesho, na hasira ya miaka sita na ya siku tisa ikampanda mpaka kooni.

"Mtoto huyu si wa Suud," alisema. Akasema tena kwa Kiarabu, polepole, ili yule asikie vizuri. "Si damu yake. Kwa hiyo si wa Rashid, wala si wako."

Mkono ukatoka. Harufu ikakatika mara moja, chumba kikabaki na ubani tu. Miguu ya Suud ikatulia na nyayo zake zikarudi rangi yake. Bi Bakhita alishusha pumzi, akatazama chini.

"Umesema nini, Bashayer?" aliuliza Bi Masouda.

Bashayer akageuka kumwambia mama mkwe wake kwamba ni uongo, kwamba mama anamjua alivyo, hajawahi kumtazama mwanamume mwingine. Neno likafika mdomoni. Nyuma ya mlango wa bafuni, mguu mmoja ukakanyaga, mara moja, ukatulia, ukasikiliza.

Suud, ambaye siku zote zile hakumtambua, sasa alikuwa anamtazama.

"Nimesema uliyoyasikia, mama," alijibu Bashayer.