Mshipi Unaonyumbuka

Kila siku akitoka shule, Boróka alikula mkate wake uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu, akachukua fimbo ya kuvulia, akateremka gatini kwenye ziwa Balaton. Alikuwa na miaka kumi na miwili, msichana pekee katika klabu ya vijana wavuvi.

Samaki aliyetafutwa na wote ni fogashi, ambaye kinywa chake ni kigumu kama mfupa. Boróka alirusha chambo mbali kuliko wenzake. Samaki alipodonoa chambo, Boróka alivuta fimbo kwa nguvu, lakini mara nyingi mshipi wa kuvulia ulilegea na samaki akaenda zake.

Jumatano moja alipoteza fogashi mkubwa mbele ya watu wote.

"Mikono ya uji hiyo," alicheka Zalán, mvulana mmoja wa klabu.

Kocha Dezső hakucheka, na hilo liliuma zaidi. "Jumamosi kwenye mashindano Zalán atashika nafasi yako. Sikulaumu, binti. Mikono ya msichana haina nguvu ya kumkita ndoana fogashi."

Boróka alihisi uso unawaka. Mikono hiyohiyo ilipasua kuni za nyumbani kwao majira yote ya baridi, leo ikaitwa dhaifu! Aliondoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja dukani kwa Bi Piroska, muuza vifaa vya uvuvi.

"Umeniuzia ndoana butu," alisema, wateja wakisikia.

Bi Piroska aliichukua ndoana ya Boróka, akaiweka juu ya ukucha wake na kuivuta taratibu. Ncha ikang'ang'ania. "Ndoana butu ingeteleza. Unakuja kunivunjia heshima dukani kwangu bila hata kuuliza?"

Boróka aliinamisha macho, ila hasira haikumwisha. "Sasa mbona samaki wananiponyoka?"

"Wa karibu au wa mbali?"

"Wa mbali."

"Twende nje."

Bi Piroska alishika ncha ya mshipi kwa vidole viwili, akamtuma Boróka na fimbo yake hadi mwisho wa barabara. Boróka alivuta kwa nguvu zote.

"Sijahisi kitu," mama yule alipaza sauti. "Huu ni wa nailoni, unanyumbuka. Ukirusha mbali, nguvu zako zinaishia njiani. Kwa samaki wa karibu unafaa sana. Wewe chukua wa nyuzi za kusuka, haunyumbuki. Mwishoni unga kipande cha nailoni nene, maana wa kusuka huonekana majini na hukatwa na mawe. Na usivute kwa hasira, utampasua samaki mdomo."

Boróka alitumia akiba yake yote kuununua.

Kesho yake alimfuata kocha gatini, akampa ncha ya mshipi wa zamani. "Shika, Kocha. Zalán, nenda kule mwisho uvute."

Zalán alivuta mpaka akapepesuka. Kocha hakuhisi chochote. Kisha Boróka alivuta kwa mshipi mpya, mkupuo mmoja wa kawaida, nao ukamchomoka kocha vidoleni.

"Nguvu za mvulana zimeenda wapi, Kocha?" aliuliza. "Mbona hukukagua mshipi kabla ya kunitoa?"

Dezső alisugua vidole vyake. "Sikukagua kwa sababu nilishaamua," alisema, wote wakisikia. "Nimekukosea. Jumamosi utavua wewe."

Jumamosi Boróka alitoa fogashi wawili kutoka mbali, na hakuna aliyemponyoka.

Jioni hiyo alikwenda dukani, akasubiri mpaka wateja wakajaa. "Bi Piroska, Kocha aliponitoa kwenye mashindano, nilikuja kukusingizia mbele ya watu. Ndoana zako ni nzuri. Nisamehe."

Bi Piroska alimsogelea. "Ulikuwa na haki ya kukasirika, mwanangu. Kocha alikuonea. Lakini nawe ulikuja kunionea mimi vilevile. Siku nyingine ukikasirika, uliza kwanza, uchunguze, ndipo useme. Hapo hasira yako itampata anayestahili."