Kipima Hewa Ndani ya Nailoni

Cheka. Cheka mpaka mbavu zikuume, ukimaliza nyamaza usikilize. Wewe unayelala kitandani pakavu utajua nini habari za meli ya makaa ya mawe?

Ilianza na harufu. Meli imetia nanga mtoni Karnaphuli, shehena imeshushwa, sitaha imeoshwa, lakini kila adhuhuri ofisi ya meli hunuka makaa yaliyolowa na mafuta ya haradali. Mafuta hayo alikuwa akijipaka kichwani baharia Montaz, na Montaz ana siku arobaini kaburini.

Kisha kikaja kikohozi chini ya sakafu, na sauti ikimwita mama: "Ma. Ma."

Shekhe wa kwanza aliyeitwa kusoma dua alikimbia akaacha viatu. Ndipo Tofazzal, sarahangi, mkuu wa mabaharia, akaenda Patenga kumchukua Sokhina, mganga wa kupunga majini. Mama yake Montaz.

"Tufukuzie hilo jini, mama. Limeiba sauti ya marehemu."

"Marehemu yupi? Yule uliyesema kajiua kwa ubishi wake?"

"Alishuka tumboni mwa meli bila ruhusa, mama. Nilimkataza."

Maneno hayo, yaliyoenea tangu mazishi, ndiyo yaliyomfanya imamu wa mtaani amuulize Sokhina kama kijana alitaka kufa. Wanawake bombani wakimwona hunyamaza.

Sokhina akaketi ofisini, akafukiza ubani. "Sema, wewe. Unataka nini?"

Kikohozi kikapanda kutoka tumboni mwa meli, kidato kwa kidato, kikapita chini ya miguu ya Tofazzal, kikaizunguka meza, harufu ikazidi mpaka kaa la chetezo likafifia na kuzima lenyewe kana kwamba chumba kimeishiwa hewa, na droo ikagongwa kutoka ndani, mara tatu, polepole, kama anavyogonga mtu aliyeishiwa nguvu.

"Fungua."

"Mna makaratasi tu, mama."

"Fungua, mwana hizaya we!"

Zilikuwa fomu za kushuka tumboni, za wiki nzima ijayo, zote zimeshasainiwa: hewa imepimwa, ruhusa imetolewa. Chini yake kifaa kidogo ndani ya nailoni.

"Hiki nini?"

"Kipima hewa. Makaa hula hewa, mama. Mtu akishuka bila kupima, anaanguka kama gunia."

"Mbona nailoni haijachanwa?"

"Tunasaini zote Ijumaa, baada ya chai. Meli zote hufanya hivyo."

Fomu ya mwisho ilikuwa na jina la Montaz. Ruhusa imetolewa. Pembeni, alama ya kidole cheusi cha makaa.

Tofazzal akarudi nyuma mpaka ukutani. "Hiyo niliichoma. Wallahi, mama, niliichoma kwa mkono wangu!"

"Kumbe ulimtuma."

"Alisema panamtia shaka. Nikamwita mwoga." Akaanza kulia. "Mfukuze, mama. Kesho watu wanashuka."

Sokhina akapitisha kidole gumba juu ya ile alama. "Nimekusikia, baba," akanong'ona. Akaikunja fomu, akaifunga kwenye pindo la sari. Imamu ataisoma mwenyewe.

"Mama, utaniacha naye?"

Kikohozi kilikuwa kimefika nyuma ya sikio la Tofazzal.

"Ichane hiyo nailoni, kapime hewa," alisema Sokhina. Akabeba chetezo chake, akatoka, akafunga mlango.