Maneno Aliyoongeza Solange

Solange alishika mwanzi wima, mama mmoja akaukaza kwa kamba, kisha wakasogea mbele. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya kijiji kizima, na watu wa Burungu walikuwa wakijenga uzio kuzunguka depo, lundo la mchanga mweusi uliobaki machimboni. Kila mtu alikuwa na mwenzake. Mama Drocella peke yake alibana mwanzi kwa magoti huku akifunga.

Mama Drocella alipokuja kuomba kamba, mama aliyefanya kazi na Solange alimwambia, "Baki kule kule. Nitakutupia."

Kamba ikaanguka matopeni. Mama Drocella akaiokota. Solange akainamisha uso.

Juma lililopita Papa Nestor, mtaalamu wa mionzi kutoka Goma, alikuja kueleza hatari ya mchanga ule. Alimwomba Solange awatafsirie wazee kwa Kihunde. Alisema mchanga hutoa mionzi isiyoonekana wala kunusika. Mtu asikae karibu nao muda mrefu, asivute vumbi lake, wala asiuchukue kusiriba nyumba. Lakini watu walicheka.

"Mchanga njo utaniuma? Iko na meno?" mzee mmoja aliuliza.

Solange aliona haya, akaongeza lake kwa Kihunde, ambacho Papa Nestor hakukijua: "Ni kama Ebola. Aliyeugusa anaambukiza wengine."

Kicheko kilikatika. Wote walimgeukia Mama Drocella, aliyezoea kuanika maharage kando ya depo. Tangu hapo hakuna aliyenunua maharage yake, na kanisani hakuna aliyempa mkono wa amani.

Sasa Papa Nestor, aliyekuwa amerudi kukagua uzio, alikuwa ameiona kamba ikitupwa. "Kwa nini munamutenga huyu mama?"

"Si wewe njo ulisema anaambukiza?" aliuliza yule mama aliyetupa kamba.

"Mimi?"

Solange alijitokeza mbele. "Ni mimi, Papa. Nilitaka wasikilize."

Papa Nestor hakumkemea. Alikwenda kumshikia Mama Drocella mwanzi wake, akasema watu wote wasikie, "Mionzi haiambukizi kama ugonjwa. Maharage yaliyokaa kwenye vumbi tutayapima. Mama huyu hana hatari kwa mtu."

Mchana Solange na Mama Drocella walipita nyumba kwa nyumba kusahihisha maneno yale. Wengine waliwafungulia. Wengine walijibu kupitia dirisha.

"Juzi ulisema hivi, leo vile," bibi mmoja alisema. "Kesho utasema nini, mwanangu?"

Njiani Solange alisema, "Mama, unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha wangu hauwarudishi watu kwangu."

Papa Nestor aliwakuta barabarani. "Solange," alisema taratibu, "ukiipunguza hatari, watu wataumia. Ukiiongeza, wataumizana. Iseme kadiri ilivyo, hata wakicheka."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na nyumba za mlimani zilikuwa hazijafikiwa.

"Kesho tutapanda kule," alisema Mama Drocella. "Wewe njo utasema. Mimi nitasimama tu karibu yako, wanione."