Heshima Iliyovunja Mkono

Huko Gutu, nchini Zimbabwe, mkamwana mwenye adabu hamwachi mama mkwe ashike hata ufagio. Nyaradzo alikuwa na adabu ya kuzidi. Aliteka maji, alilima, alisonga sadza, ugali wa kwao. Hata dagaa wakavu aliwatoa vichwa na miiba kabla ya kumwandalia mama mkwe wake, Mbuya Chenai. Mbuya alikaa jikoni kivulini kutwa nzima, akinusa ugoro wake. Majirani walimsifu Nyaradzo, na sifa zilimkolea.

Asubuhi moja Mbuya aliteleza mlangoni. Anguko lenyewe lilikuwa dogo, la kuchekwa. Lakini mkono ulivunjika.

Hospitalini walimfunga plasta. Midomo ya watu haikufungika. Rambisai, binti wa Mbuya, alikuja kutoka Masvingo akiwa amevimba kwa hasira.

"Mtu anateleza kidogo, mkono unavunjika kama kijiti? Unamlisha nini mama yangu? Au umemroga?"

"Wifi, mimi..."

"Usiniite wifi! Akivunjika tena, funga virago urudi kwenu."

Rambisai alipoondoka, Nyaradzo alilia sana. Kisha akaenda kwa jirani yao Ratidzo, muuguzi wa zahanati.

"Dada, nimekosea wapi?"

Ratidzo alikuja, akatazama sahani ya mgonjwa. "Vichwa vya dagaa viko wapi?"

"Nimewapa kuku."

"Basi kuku wako wana mifupa kumshinda mama mkwe wako!"

Mbuya alicheka mpaka mkono ukamuuma.

"Hapa hakuna uchawi," Ratidzo alisema. "Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake huanza kupungua nguvu. Ndani huwa na vitundu kama mkate. Haiumi, wala huoni kitu. Unashtuka siku mfupa unapovunjika kwa anguko dogo. Mfupa unataka maziwa ya mgando, dagaa mzima na mboga za majani. Unataka jua. Tena unataka kazi! Ukikaa tu, mifupa na misuli inalegea. Na huo ugoro, Mbuya..."

"Ugoro wangu umekukosea nini?"

"Tumbaku inadhoofisha mifupa. Uache. Halafu turudi kwa daktari akupime. Dawa zipo."

"Kwa hiyo si mimi niliyemvunja?" Nyaradzo aliuliza.

"Si wewe. Umri umefanya yake. Ila hiyo heshima yako imepita kiasi."

Nyaradzo alishusha pumzi. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni.

Daktari alimpima Mbuya, akampa dawa. Mkono ulipopona, Mbuya alianza kutembea kila asubuhi na kumwagilia mboga juani. Kuacha ugoro kulimtoa jasho, lakini aliuacha. Nyaradzo aliondoa mawe njiani na kusawazisha ardhi pale mlangoni. Naye akaanza kunywa maziwa ya mgando, maana mifupa ya uzeeni hutunzwa ujanani.

Msimu wa mavuno Rambisai alirudi. Alimkuta mama yake bustanini.

"Ee! Sasa umemfanya mama kijakazi?"

Mbuya aligeuka kumwangalia, mguu ukanasa kwenye shina la boga lililotambaa. Nyaradzo aliruka kumdaka. Mbuya aliyumba, akatupa mguu mbele, akasimama wima.



"Mwaka jana ningekuwa chini," Mbuya alisema. "Rambisai, mkamwana wangu haendi popote. Vua viatu, shika jembe. Na wewe mifupa yako inazeeka."