Daraja la Tatu

Diski ya kumi na mbili nayo iligoma palepale. Dakika ya thelathini na moja, gari likianza kupanda daraja la pili, picha ilisimama, matone ya mvua yakaganda kwenye kioo, na sauti ikaendelea peke yake.

Kuo Pi-hsia hakuwa mtu wa kubabaishwa na diski. Kwa miaka kumi duka lake katika mji wa bandari wa Keelung lilikuwa likiwatengenezea watu DVD za harusi na za mazishi, na kila mwenye deki inayokwama alijua pa kupiga simu. Kwa hiyo alijitibu kama alivyowatibu wateja. Alipunguza kasi ya kuchoma filamu kwenye diski, maana haraka haraka haina baraka, hata kwa mashine. Alibadili diski tupu, akachukua zile nzuri. Alisafisha jicho la deki. Alihifadhi filamu nzima kwenye kompyuta kwanza, ndipo akachoma. Kwenye kompyuta ilicheza mpaka mwisho. Ikishachomwa, inakwama darajani.

Filamu ilikuwa ya mwanawe. Tsung-yeh, miaka ishirini na miwili, aliangushwa na pikipiki kwenye kona ya mlimani, mbali na kwao. Afiaye njiani roho yake hubaki hapo ilipoangukia, mpaka ndugu waende na kuhani kuiita. Mama hushika ubani na kibao chenye jina la marehemu, gari huelekea nyumbani, na kila penye daraja mama hupaza sauti: tunavuka daraja, nifuate. Roho haivuki maji bila kuambiwa. Madaraja yalikuwa matatu. Pi-hsia aliweka kamera mbele ya gari, kwa kuwa ndivyo alivyorekodi mazishi ya wateja, na mwanawe asingemfanyia pungufu ya hapo. Siku ya arobaini na tisa ukoo ungekaa, uitazame, umuage. Zilibaki siku nne.

Na Tsung-yeh alikuwa amerudi, hilo hakuwa na shaka nalo. Tangu siku ile ya safari sakafu mbele ya madhabahu ya nyumbani ilikuwa ikilowa bila bomba kuvuja. Nyumba ilinuka tope la mtoni. Chakula alichomwekea marehemu kilikuwa kinaliwa, samaki hasa, ikabaki miiba mitupu. Pi-hsia alifurahi kwa furaha ile ya mfiwa, isiyouliza maswali. Hakutaka kukumbuka kwamba Tsung-yeh, tangu akiwa mdogo, samaki alikuwa akimtapisha.

Mchana ule wa diski ya kumi na mbili, muziki wa zumari alioupandisha juu ya safari ile haukusikika. Ilisikika sauti yake mwenyewe.

"Umeifunga diski, Mwalimu? Usipoifunga, kompyuta itaisoma, lakini deki ya nyumbani haitaisoma. Hapana, hunisumbui. Bonyeza pale chini..."

Aliikumbuka simu ile ya garini. Mteja alilia shida, naye kwa mazoea ya miaka akapokea, akaeleza hatua kwa hatua, ubani ukimwunguzia vidole, na huku akieleza daraja la pili lilikuwa likipita chini ya magurudumu kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake bila mtu yeyote garini kumwambia mtoto kwamba wanavuka, na sasa nyuma ya maneno yake, mbali, upande wa kule walikotoka, palikuwa na sauti ya kijana aitaye mara moja, kisha mara ya pili kwa mshangao, kisha akikimbilia gari lisilosimama: "Mama? Mama, mbona huniambii?"

Pi-hsia alilia mpaka akainama hadi sakafuni. Alikuwa amemwacha. Kazi moja ya mama, na alimwacha kwa ajili ya diski ya mtu.

Ndipo nyuma ya pazia, kutoka chumba cha madhabahu, sauti nyembamba ya mtoto wa miaka mitano hivi ikasema, "Mama, samaki wameisha."

Alimpigia simu Kuhani Lien, aliyeita roho siku ile na kuwatangulia njiani kwa pikipiki; alikuja, tambuu mdomoni. Alinusa mlangoni, akaitema.

"Daraja la tatu uliita?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliita."

"Kwa jina?"

"Nilisema mwanangu. Mwanangu, tunavuka daraja, nifuate."

"Haya basi. Yupo aliyekaa chini ya daraja lile miaka, hajapata kuitwa na mtu. Akasikia 'mwanangu', akafuata."

"Ni mtoto, Bwana Lien."

"Alikuwa mtoto. Na wako hawezi kuingia humu, nafasi ina mtu. Huyu wa humu tutamvusha daraja la tatu bila kumwambia kitu, atabaki. Halafu tukamwite wako. Usinene naye, dada. Ukijibu hata neno moja, ni wako mpaka kufa, na Tsung-yeh ndiyo basi."

Shemeji yake Ting-kuo, aliyeendesha siku ile, ndiye aliyeendesha tena. "Shem, kaza moyo," alisema, akawasha gari.

Kiti cha nyuma kililowa. Kijikono cha baridi kilijipenyeza katika kiganja cha Pi-hsia, naye hakukitoa.

"Mama, tunakwenda wapi?"

Aliuma mkono wa sweta yake.

"Mama, ni daraja hili? Nikufuate?"

Hakujibu. Machozi yalidondokea kibao mapajani. Walipofika ng'ambo kiganja chake kilikuwa kitupu.

Walipita daraja la pili, wakageuza gari, na wakilivuka tena kurudi alimwita Tsung-yeh kwa jina na ukoo wa baba yake mpaka sauti ikakwaruza. Kuhani alirusha vile vipande viwili vya mti vya kuulizia wafu: kimoja kifudifudi, kimoja chali. Amekubali. Akarusha tena, na tena, na jibu likawa lilelile. Ubani uliegemea upande ambao hapakuwa na upepo, na garini mlinukia sabuni ya nywele ya Tsung-yeh. Pi-hsia alicheka na kulia kwa pamoja.

Lakini njia ya nyumbani ilikuwa moja. Daraja la tatu lilipotokea, Kuhani aligeuka. "Sasa. Kwa nguvu, asikie."

"Tsung-yeh!" Pi-hsia alipaza. "Shih Tsung-yeh, tunavuka daraja, nifuate!"

Kutoka chini ya kingo, sambamba na dirisha lake, miguu midogo iliyolowa ilianza kukimbia.

"Na mimi?" sauti ikasema. "Mama, na mimi?"

Alimwita mwanawe tena, kwa sauti kubwa zaidi, na akaendelea kumwita mpaka daraja likaisha.