Mbegu Hazipumziki Jumapili

Kila Jumamosi jioni Muasya alinyunyizia maji magunia matatu ya mbegu za alizeti, kisha akayafunga. Jumapili yeye na mkewe Ndila walishinda kanisani. Jumatatu mashine yao ya kukamua pale Gitothua ilinguruma, na mbegu zilizolainika zikatoa mafuta bila ubishi. Ndivyo alivyofundishwa, na hakuona sababu ya kubadili.

Sababu ilitoka Thika. Wakonyo, mwenye kiwanda kidogo cha krisps, alirudisha pipa la mafuta kwa mara ya pili. Alisema mafuta yanatoa moshi kabla viazi havijaiva, na kipimo chake kinaonyesha asidi nyingi. Angejaribu pipa moja tu zaidi. Likishindwa, angenunua kwingine. Bila Wakonyo, mashine ingezimwa.

"Asidi gani? Kwani nimekamulia ndimu humo?" Muasya alifoka. Alinusa mafuta, akaonja, akasema mama huyo anamtafutia visa.

Ndila hakumbembeleza. "Baba Kyalo, pua yako imeshindwa mara mbili. Twende kwa anayepima."

Walibeba chupa moja mpaka Juja, kwa Dorine, binti wa jirani yao anayefanya kazi katika maabara. Dorine aliwaeleza kwamba mafuta ni kama vipande vilivyoshikana. Maji na joto huviachanisha. Vipande vilivyoachana ndiyo asidi huru, na pua huchelewa kuijua.

Alipima gramu kumi za mafuta. Akatia spiriti ya moto, ambayo asidi yake yenyewe ilikuwa imeshaondolewa ili isihesabiwe. Akadondosha dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha. Kisha akampa Muasya kazi ya kutikisa, huku yeye akiteremsha maji ya kostiki soda, tone kwa tone, kutoka mrija wenye mistari.

Rangi ya waridi ikatokea. "Basi, imefika," Muasya alisema.

"Tikisa, mzee."

Alitikisa, rangi ikapotea. Dorine alisema asidi bado inaimeza soda. Mtu husimama rangi ikikaa nusu dakika. Ilikaa kwenye mililita kumi na mbili. Kwa gramu kumi na soda ya nguvu ile, mililita saba ni sehemu mbili kwa mia, na hicho ndicho kikomo cha Wakonyo. Yao ilikuwa imepita tatu kwa mia.

Muasya alihesabu mistari ya mrija mwenyewe. "Sasa nataka kujua inaingilia wapi," alisema. "Hata nikirudi hapa mara kumi."

Jumanne iliyofuata alirudi na chupa tatu. Mafuta ya mbegu kavu yalimaliza mililita tatu. Ya mbegu zilizonyunyiziwa na kukamuliwa papo hapo, tatu na kitu. Ya magunia ya Jumamosi, kumi na mbili tena.

"Jumapili magunia huwa wapi?" Dorine aliuliza.

"Stoo. Yanapumzika, kama sisi."

"Mnapumzika ninyi. Mbegu hazipumziki. Zikiloa na kufungwa zinapata joto, zinavunja mafuta yake zenyewe."

Ndila alicheka mpaka akashika mbavu. Muasya hakucheka.

Wiki hiyo alianika mbegu kwenye turubai mpaka zikavunjika kwa meno. Aliosha pipa na kulikausha, kwa sababu masalio ya mafuta ya zamani huharibu mapya. Ndila alipouliza kama wachanganye kidogo ya yale yaliyokataliwa, alisema hapana. Yakaenda kwa mtengeneza sabuni wa Mwiki. Mbegu kavu zilikuwa ngumu. Mashine ililalamika na kazi ikachukua siku nzima. Hakujali.

Walipompelekea pipa Thika, Wakonyo alipima mbele yao, midomo ameibana. Rangi ilikaa kwenye tatu na nusu. Alirudia kipimo. Tatu na nusu.

"Umetia dawa gani humu?" aliuliza.

"Sikutia kitu," Muasya alisema. "Niliacha kutia."

Wakonyo aliwaita vijana wake waingize pipa ndani.