Waya wa Tatu

Jioni ile nilitoka kununua gundi tu. Dakika kumi, kwenda na kurudi. Niliporudi nilimkuta mwanamke mzee amekaa kwenye kiti changu, mbele ya meza yangu, na mke wangu anamtazama kwa pembe ya jicho huku anashona.

"Una mteja, Kipara," mke wangu aliniambia. "Hakupiga hodi. Nimeinua kichwa nikamkuta ndani."

Kipara ndilo jina langu nyumbani. Kichwa changu hakina hata unywele mmoja, na mke wangu hajawahi kuniacha nilisahau hilo. Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye na cherehani yake dirishani, mimi na meza yangu ukutani, ninakounga magari madogo ya mashindano ya zamani. Yanakuja kwenye sanduku, vipande mia na zaidi vya plastiki, na ukimaliza unapata gari la urefu wa kiganja. Wapo wanaosema ni mchezo wa watoto. Waje waunge usukani kwa kibano bila mkono kutetemeka, ndipo tutaongea.

Nilimpa shikamoo yule mama. Hakuitikia.

Mapajani alikuwa na sanduku lililopauka kwa jua. Nililitambua mara moja. Gari jembamba la kiti kimoja, la enzi ambazo dereva alikaa kichwa nje na magurudumu yalikuwa na spoku kama za baiskeli. Nilikuwa nimelitafuta nusu ya maisha yangu na kuliona pichani tu.

"Mwanangu aliliendesha hili," alinong'ona. "Lile la kweli. Nataka kila kitu kiwemo. Hata nyaya za plagi."

"Hizo hazimo kwenye sanduku, mama. Huwa nazitengeneza mwenyewe, kwa waya wa shaba."

"Utatumia hizi."

Akakunjua kijikaratasi. Ndani yake... nywele. Nilizihesabu. Sita, sawasawa na silinda za injini.

"Zake tu," alisema. "Usichanganye."

Nilipaswa kukataa. Lakini lile sanduku lilikuwa mbele yangu, na tamaa ikaniziba mdomo. Hata anakoishi sikumuuliza.

Kazi ilichukua wiki tatu. Mke wangu alinipa kipande cha ngozi ya mkoba wake wa zamani, nikakitandika kwenye kiti. Mwishoni zikabaki nyaya. Nilizinyoosha zile nywele kwa nta, mmoja baada ya mwingine, nikazibandika kwenye injini iliyokuwa bado kwenye kishikio chake cha mbao. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu...

Tak.

Ulikatikia kwenye kibano. Mwenye akili angengoja mteja arudi, amwambie ukweli. Mimi niliinua macho, nikaona kitana cha mke wangu kando ya cherehani. Nikachomoa unywele mmoja. Nilipomaliza nilizipaka zote sita rangi nyeusi, mpaka mimi mwenyewe nisiweze kuzitofautisha. Nikajisifu kwa hilo.

Kesho yake alasiri mke wangu alisinzia kwenye cherehani. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga. Nikacheka peke yangu kwamba mguu wa mshonaji hauna likizo. Kisha nikaona mikono. Alikuwa ameinyoosha mbele, amekunja vidole, anaizungusha polepole. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Na chumba kilinuka petroli.

Nilimwamsha. Alikuwa amelowa jasho.

"Naota naendesha gari," alisema.

"Wewe? Hata baiskeli hujui."

"Ndiyo maana naogopa. Kuna kona mbele, Kipara. Naiona, na siwezi kupunguza mwendo."

Siku ya pili kona ilikuwa karibu zaidi. Ya tatu, zaidi. Akaanza kuukimbia usingizi. Akaufunga mguu wake kwenye kiti kwa kitambaa, lakini akisinzia tu kitambaa kinakazika. Mimi nilikuwa nimeshajua, na nikanyamaza. Mara mbili nilifungua boneti niung'oe ule unywele, na mara mbili nikaifunga, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na niliona aibu kuiharibu kwa ajili ya ndoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi hayo nilikuwa nayo mimi, ila mwenye kukonda alikuwa mke wangu.

Yule mama alirudi jua likizama. Safari hii pia sikusikia mlango. Mke wangu alikuwa amelala kichwa juu ya cherehani, mguu unakanyaga.

Mama alilichukua gari, akafungua boneti kwa kucha, akatabasamu.

"Miaka thelathini tangu afe, anazunguka," alisema taratibu. "Alibakiza kona moja. Kesho nitalichoma, naye atapumzika."

Mguu wa mke wangu ukakanyaga mpaka mwisho, ukabaki huko. Akaguna. Harufu ya petroli ikanijaa puani.

"Mama," nilisema. "Mmoja si wake."

Hakukasirika. Alikitazama kipara changu, akamtazama mke wangu, na akaelewa.

"Utoe. Urudishe kwenye kitana chake."

Nilishika kibano. Nikainama juu ya injini. Nyaya sita nyeusi, zinafanana kama punje za mchele. Hiyo ndiyo sifa yangu niliyoitafuta... Lakini nilikumbuka kwamba uliokatika ulikuwa wa tatu. Nikahesabu kutoka mbele. Mmoja. Mbili. Tatu. Nikavuta.

Mguu wa mke wangu ukatulia.

Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Petroli ikapotea. Nilipogeuka, yule mama hayupo na gari halipo. Nililia pale pale, mtu mzima, kwa furaha. Nikauzungusha ule unywele kwenye kitana, nikakaa mezani kumngoja aamke.

Mezani palikuwa na kile kishikio cha mbao ninachobania injini wakati wa kuunga. Nilikitazama bila sababu. Kisha nikakitazama tena.

Injini huwa naibana nyuma yake ikiwa upande wangu.

Nilibandika zile nyaya kutoka nyuma.

Wa tatu kutoka nyuma si wa tatu kutoka mbele: kwenye kitana niliuweka wa mwanawe, na wa mke wangu ulikuwa umeondoka na gari. Nilitoka mbio mpaka mwisho wa mtaa, nikauliza kila niliyekutana naye. Hakuna aliyemwona mwanamke mzee mwenye gari dogo mkononi. Niliporudi mke wangu alikuwa ameamka, amekaa wima, anajipapasa mikono.

"Fundi," aliniita.

Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kuniita fundi.

"Mama ameenda wapi na gari langu?"

Kesho yake asubuhi tukiwa tunakunywa chai nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilitoka nje kunusa, hakuna. Nikarudi ndani. Ilikuwa inatoka kwenye nywele zake, naye alikuwa anapuliza chai yake, hana habari.

Hilo ni la miezi saba iliyopita. Anashona vizuri tu. Anakula, anacheka na wateja, halali mchana tena. Jina lile la Kipara nililichukia tangu siku ya kwanza aliyonipachika. Sasa kila jioni nakaa mezani, sina ninachounga, nasubiri aniite hivyo hata mara moja.